Mwizi wa Makosa

Tarehe 14 Januari

Shangazi yangu mpenzi,

Shikamoo. Nimefika salama na meno yangu yote ninayo, kwa hiyo usimsikilize baba akikuambia baridi ya huku inang'oa meno. Nimepata chumba chenye dirisha moja, kitanda kimoja na jiko la kusimama mtu mmoja. Nikitaka kugeuka inabidi nitoke kwanza nje. Vipi goti lako? Vipi baba, bado anabishana na redio? Na paka, amerudi au bado kasusa?

Najua ungependa simu, lakini tulikubaliana. Kwenye simu wewe hupiga kelele kama unaniita ng'ambo ya bonde, kisha unalia, kisha tunaagana bila kuambiana lolote. Heri barua.

Kazi yenyewe ni karakana ya miwani. Tuko watu tisa. Meza yangu nashirikiana na mzee mmoja wa umri wa baba, pengine zaidi, ambaye huweka bisibisi ndogo nyuma ya sikio hata akienda kula. Humu ndani ya barua nitamwita Mzee Bisibisi. Yeye anachonga vioo, mimi navitia kwenye fremu na kukaza skrubu. Mkuu wetu ni mama mwembamba anayetazama saa kuliko anavyotazama watu. Huyo ni Bi Dakika. Amenichukua kwa majaribio ya miezi sita. Mwisho wa Juni ataamua nibaki au nifunge mizigo.

Sasa kaa kwanza, nikuambie kilichonitoa jasho kwenye baridi hii. Kila Ijumaa, nusu saa kabla ya kufunga, watu wote wanazunguka meza ya katikati, na kila mmoja anasimama kueleza kosa alilofanya wiki hiyo. Kwa mdomo wake mwenyewe! Bi Dakika anaandika ubaoni. Dada wa mapokezi alisema amempa mteja miwani ya mtu mwingine, na mteja akaondoka nayo akiisifu. Watu wakacheka, wakajadiliana namna ya kuzuia lisitokee tena, kisha wakampigia makofi. Mimi nilidhani atatafuta shimo ajifukie. Yeye akachukua biskuti.

Halafu akasimama Mzee Bisibisi. Akajishika mgongo, akasema amechonga kioo cha kushoto kwa vipimo vya kulia. Mzee wa mvi, mbele ya watoto wa juzi! Nilitazama viatu vyangu. Zamu yangu ilipofika nikasema sijakosea chochote, na Bi Dakika akatazama saa.

Shangazi, nifanyeje? Siwezi kukaa kila Ijumaa nikitazama mzee anajivua nguo.

Mwanao,
Fundi Miwani

*

Tarehe 2 Februari

Mwanangu,

Marahaba. Baba yako hajambo na redio haijambo, ingawa wiki hii redio inashinda. Paka amerudi mnene kuliko alivyoondoka, kwa hiyo kuna nyumba mbili mtaani zinazomlisha, kila moja ikidhani ni wake. Goti langu ni goti la mtu wa miaka hamsini na nane, usiliulize.

Barua yako nimeisoma mara tatu. Mara ya tatu nilimsomea baba yako, akauliza, "Hiyo ni karakana au kituo cha polisi?" Kwa mara ya kwanza mwaka huu tumekubaliana.

Sasa sikiliza. Mimi nimesimama kwenye meza ya kukatia sare za shule miaka thelathini na moja. Nimeona mafundi wakikosea mpaka nimechoka kuona, na hakuna hata mmoja niliyemwambia mbele ya wenzake. Namwita pembeni. Namuuliza habari za watoto. Namuuliza tena habari za watoto. Akishafika mlangoni kutoka, ndipo namwambia, "Ah, halafu ile mikono ya mashati, hebu itupie jicho." Anaelewa, mimi naelewa, na hakuna aliyeumia. Mtu mzima haumbuliwi. Usimwage mtama kwenye kuku wengi, na hao wako ni kuku wanane.

Kwa hiyo msitiri mzee wa watu. Akitaka kusimama, simama wewe kwanza, sema ni lako. Wewe ni mdogo, kosa kwako ni vumbi la kiatu, unakung'uta unaendelea na safari. Naye atajua umelelewa. Huyo mkuu wako naye si jiwe, ataona.

Huku tumeletewa meneja mpya, msichana wa kutoka pande hizo hizo ulizoko wewe. Lugha yetu kajifunza kitabuni, anaisema kama anayesoma maelezo kwenye pakiti ya dawa. Ana asante nyingi. Ukimpa mkasi asante, ukimnyima mkasi asante. Sina neno naye.

Vaa soksi mbili.

Shangazi yako

*

Tarehe 27 Februari

Shangazi,

Shikamoo. Soksi navaa tatu. Mwambie baba asikubali redio imshinde, na paka aulizwe vizuri hiyo nyumba nyingine wanapika nini.

Nimefanya kama ulivyosema, na mambo yamekwenda vizuri hata kuliko nilivyotarajia. Ijumaa ya kwanza kulikuwa na kioo kilichochongwa kidogo mno, kikawa kinadondoka kwenye fremu. Mzee Bisibisi anachukua muda kunyoosha mgongo. Kabla hajafika juu, mimi tayari nimesimama: "Ni mimi. Sikukaza vizuri." Akabaki nusu kasimama, nusu kakaa, akinitazama. Kisha akakaa.

Bi Dakika akaniuliza, "Unadhani sababu ni nini?" Sikuwa nimejiandaa kwa swali la pili. Nikasema labda mwanga. Jumatatu nikakuta taa mpya imeelekezwa upande wangu wa meza! Ijumaa iliyofuata nikachukua kosa jingine, nikasema labda ni mgongo. Wakaniletea kiti kipya kinachopanda na kushuka. Ijumaa iliyopita nilikosa sababu kabisa, nikasema sijui, basi wakatubadilisha pande: mimi sasa nakaa dirishani, na Mzee Bisibisi anakaa upande wa ukuta.

Naona haya kupewa vitu vyote hivi kwa makosa yasiyo yangu. Lakini mzee kapumzika, na hilo ndilo tulilotaka.

Ila kuna jambo dogo. Zamani alikuwa akinisogezea kikombe chake cha chai ya ziada. Sasa hanisogezei, wala hanisalimu. Ameweka sanduku la vifaa katikati ya meza, kati yangu na yeye. Nadhani ni haya ya shukrani. Unaonaje?

Mwanao

*

Tarehe 21 Machi

Mwanangu,

Marahaba. Naandika kwa haraka, tuna sare mia nne za kumaliza. Baba yako ameng'olewa jino, na badala ya kusema ni la zamani anasema ni baridi ya huko kwako imemfuata.

Umefanya vizuri sana. Nimewasomea mafundi wote hapa barua yako, tukaipitisha meza kwa meza. Mzee huyo ana haya. Mtu akisitiriwa hukosa pa kutazama, mwache. Sanduku atalitoa mwenyewe. Endelea hivyo hivyo.

Kazini shwari kabisa. Nimepewa cherehani jipya na tunazungumza vizuri. Habari za meneja usiniulize. Nilikuambia sina neno naye, na sasa sina hata nusu neno.

Shangazi yako

*

Tarehe 16 Aprili

Shangazi,

Shikamoo. Nakuombea wewe na goti lako, na baba pole ya jino. Leo salamu zitakuwa fupi, nisamehe, maji yamenifika shingoni.

Mwezi uliopita, kwa sababu ya makosa yangu kuwa mengi, Bi Dakika alinipeleka kupimwa macho. Daktari alinipima, akanipima tena, akasema naona mpaka vumbi kwenye kalenda yake. Bi Dakika akaipokea karatasi, akaitazama kuliko anavyotazama saa.

Kisha wiki iliyopita nilishikwa na homa, nikalala Jumatano nzima. Ijumaa nikarudi. Kulikuwa na vioo sita vyenye mikwaruzo. Mzee Bisibisi akaanza kunyoosha mgongo, nami kwa mazoea nikachomoka: "Ni mimi!" Hakuna aliyecheka. Bi Dakika akaniita ofisini kwake, ofisi ya kuta za kioo, ambamo hata ukipiga chafya watu nane wanakuombea afya.

Akafungua daftari. "Vioo hivi vilichongwa na kufungwa Jumatano. Jumatano ulikuwa kitandani. Ulivikwaruzaje kutoka kitandani?"

Nikasema homa ilikuwa kali.

Hakutabasamu. Akasema, "Tuna makosa manane kwa jina lako. Tumekununulia taa, tumekununulia kiti, tumekuhamisha, tumekupima macho, na makosa yako pale pale. Ijumaa yetu si ya kumtia mtu aibu. Ni ya kujua tatizo linatoka wapi. Wewe unatuonyesha mlango usio wenyewe. Ama hujui kazi, ama husemi kweli. La kwanza ningeweza kukufundisha."

Amenipa mpaka Ijumaa ya mwisho ya Juni. Anataka kunisikia nikisema kosa moja la kweli, langu mwenyewe. Nisiposema, hanipi mkataba.

Sasa niko njia panda. Nikisema kweli, nimemuumbua mzee mbele ya watu wote, tena mara nane kwa mpigo. Nikinyamaza, narudi nyumbani na begi langu. Nawe ndiye uliyenilea tangu mama alipotutoka, siwezi kutupa ulichonifundisha bila kukuuliza. Niache au niendelee? Kama huna hakika, muulize huyo meneja wako, si anatoka pande hizi? Yeye atajua watu hawa wanawaza nini. Jibu upesi, nakuomba.

Mwanao

*

Tarehe 12 Mei

Shangazi,

Shikamoo. Wiki karibu nne, na kila siku natazama sanduku la barua mpaka mpangaji wa chini ameanza kunionea huruma. Unaumwa? Baba ameniandikia wala hajasema unaumwa. Amesema mengine, nitayafikia.

Huku mambo yameharibika zaidi. Mwalimu mmoja aliyechukua miwani kwetu alikosea ngazi, akateguka kifundo cha mguu. Kioo kilichongwa vibaya. Ijumaa Bi Dakika aliuliza, "Nani?" Nikafungua mdomo, nikaufunga. Mzee Bisibisi naye, kwa mara ya kwanza tangu nije hapa, hakunyanyuka kabisa. Alikuwa ananitazama mimi, kama mtu anayemsubiri mwizi aingie ili ajue anaingilia dirisha gani. Ubao ukabaki mtupu. Hata biskuti hakuna aliyezigusa. Nimeona haya ambayo sijawahi kuyaona.

Sasa ya baba. Anasema tangu mwezi wa tatu huongei na meneja wako. Anasema ukitaka kumwambia kitu unamwambia cherehani. Shangazi, ni kweli? Mbona uliniandikia ni shwari?

Nijibu, hata mistari miwili.

Mwanao

*

Tarehe 3 Juni

Mwanangu,

Marahaba. Siumwi. Kuchelewa ni mambo ya posta, halafu goti, halafu mvua, halafu posta tena.

Baba yako mdomo wake hauna kufuli, ndiyo maana hata meno yanatoka. Ndiyo, ni kweli. Nilikata kola sitini. Huyo msichana akaja mezani, mafundi kumi na wawili wamesimama, na wale wanaoshona vifungo wamesimama, akainua kola juu kama anauza, akasema, "Mama, hapa umekosea. Ncha hii ni ndefu. Asante." Mimi! Nimekata kola kabla yeye hajaota meno! Kola zilikuwa sawa. Ni shingo za watoto wa siku hizi zilizopinda.

Tangu hapo nina cherehani langu. Nikitaka kitambaa nasema, "Cherehani, waambie wenye ofisi kitambaa cha bluu kimekwisha." Naye anasikia, anakileta, anasema asante. Juzi alimwambia cherehani asante. Mafundi wakatoka nje kucheka.

Kuhusu jambo lako, sina la kukuambia. Wewe ni mtu mzima sasa, fanya moyo unavyokutuma. Ila ujue chumba chako kipo. Nimekipaka rangi, ile ya maziwa uliyoipenda, na baba yako amehamisha redio yake. Mtu akishindwa kazi moja hajafa. Meza yetu ya kukatia ni ndefu, inatosha wawili, na hakuna atakayekusimamisha Ijumaa.

Shangazi yako

*

Tarehe 29 Juni

Shangazi,

Shikamoo. Barua yako niliisoma nikitafuta jibu, nikapata rangi ya chumba. Nilikaa kitandani nikiwa na hasira na wewe, nisikufiche. Ni mara ya kwanza maishani mwangu nakuuliza kitu nawe unasema huna la kusema. Wewe, ambaye hata mpita njia akikohoa unamwambia dawa!

Lakini nikairudia ile sehemu ya kola, nikacheka, na katikati ya kicheko nikashtuka. Hukuwa umekasirikia ncha ya kola. Ulikasirika kwa sababu mtu mgeni amegusa miaka yako thelathini na moja mbele ya watu, bila hodi. Nikatazama lile sanduku la vifaa katikati ya meza yetu, nikajiuliza: na mimi je? Mimi ndiye mgeni hapa. Nimegusa ya nani?

Jumatano nikamwita Mzee Bisibisi pembeni, kwenye bomba la maji, kama unavyofanya wewe. Nikamuuliza habari za watoto.

"Sina watoto," akasema. "Unataka nini?"

Nikamwambia yote. Nikamwambia kwetu mkubwa husitiriwa, nikamwambia nilidhani namsaidia. Alisikiliza huku akichezea ile bisibisi. Kisha akasema, "Miezi minne unaniibia."

"Nakuibia nini, mzee?"

"Makosa yangu. Mimi nikikosea, nasimama. Nimesimama miaka arobaini katika chumba kile. Wewe umenikalisha kama mgonjwa. Nikaona binti anachukua kosa langu, anapewa taa. Anachukua la pili, anapewa kiti. La tatu, dirisha. Nikasema, huyu akifika la kumi atapewa meza yote, na mimi nitapewa mlango."

Shangazi, alidhani namfanyia vitimbi! Miezi minne mimi najiona muungwana, kumbe mwenzangu ananiona fisi. Nikacheka mpaka nikalia, naye akanitazama vile, akaanza kucheka pia, na dada wa mapokezi akaja kuuliza kama kuna aliyeumia.

Ijumaa nilisimama wa kwanza. Nikasema, "Kosa langu: nimechukua makosa manane ya mtu bila kumuuliza." Bi Dakika akaandika. Akauliza, "Sababu?" Nikasema nimefundishwa kumfunika mkubwa nguo, na nilimfunika kabla ya kumuuliza kama anasikia baridi. Nikaongeza kwamba kuna mwalimu ameumia mguu kwa sababu ya adabu yangu.

Akauliza kwetu mtu akikosea anaambiwaje. Nikawaeleza habari za pembeni, na watoto mara mbili, na mlangoni. Walicheka sana. Lakini dada wa mapokezi akasema yeye angependa kuambiwa hivyo, maana makofi huyapokea tu, ila akifika kwake hulia. Hakuna aliyewahi kujua. Bi Dakika akaweka chaki chini, akasema kuanzia wiki ijayo atakayetaka kuambiwa pembeni aseme, ataambiwa pembeni, lakini kosa lenyewe litaandikwa bila jina. Ukienda kwa wenye chongo, vunja lako jicho, sawa. Ila safari hii naona na wao wamefumba moja kidogo.

Kisha mzee akasimama, akachukua makosa yake yote manane, moja baada ya jingine, kama mtu anayeanua nguo zake kwenye kamba ya jirani. Tulipita muda wa kufunga kwa dakika ishirini na Bi Dakika hakutazama saa hata mara moja. Mwisho mzee akasema mistari ya kipimo haioni tena vizuri. Miaka arobaini anatengeneza miwani, na hakuna aliyewaza kumpima! Taa imehamia kwake. Dirisha pia. Kiti amekikataa, anasema kinapanda bila ruhusa.

Na mimi nimepata mkataba. Miaka miwili, Shangazi! Nilitamani uwe hapa nikurukie shingoni.

Sasa nakuomba kitu kimoja. Zungumza na meneja wako. Watu wa huku mtu wanayemwona dhaifu humwacha, hawamwambii kitu. Aliyeinua kola yako mbele ya watu alikuwa anakuambia wewe ni fundi unayeweza kuambiwa. Alikosea namna, na mimi nilikosea namna. Kama Mzee Bisibisi ameweza kunisamehe, nawe jaribu.

Mwanao,
sasa wa kudumu

*

Tarehe 18 Julai

Mwanangu,

Marahaba. Baba yako alipoisikia habari ya mkataba alizima redio. Nakuambia alizima mwenyewe, kwa mkono wake. Kisha akaenda kuwaambia watu wa ile nyumba nyingine ya paka. Sote tumefurahi. Mimi nimefurahi, na hilo liamini kabla hujaendelea kusoma.

Kola zilikuwa mbovu. Jumatatu nilisimama mbele ya mafundi nikasema hivyo, nikasema ncha ilizidi kwa upana wa kidole, na nilijua siku ile ile. Meneja alisema asante. Nikamwambia siku nyingine aniite pembeni kwanza, akasema, "Na nikuulize habari za watoto?" Nikamwambia ninaye mmoja, aulize huyo.

Sasa la kwako. Nimeanza barua hii mara nne.

Barua yako ya mwezi wa nne haikuchelewa. Niliipata tarehe ishirini na tisa. Ulisema nimuulize meneja, na nilimuuliza, siku hiyo hiyo. Nilikwenda ofisini kwake kwa miguu yangu, bila cherehani, nikamsomea. Alisimama. Akasema, "Mwambie aache leo. Kwetu ukichukua kosa la mtu, umemwambia hawezi. Mzee atamchukia, na mkuu atamfukuza. Mwandikie leo, mama." Nikamuuliza ana hakika. Akasema anayo.

Niliandika mchana ule. Maneno yote aliyosema. Nikatia kwenye bahasha, nikabandika stempu, nikaiweka kwenye droo ya cherehani nikisema nitaiposta kesho. Kesho yake kulikuwa na mvua. Keshokutwa hakukuwa na mvua, na sikuiposta. Niliposhuka mjini nilinunua rangi.

Kila asubuhi yule msichana alikuwa ananiuliza, "Binti amejibu?" Ndiyo maana niliendelea kuongea na cherehani. Si kola tena. Sikuwa na uso wa kumjibu. Wewe huko ulikuwa unatazama sanduku la barua, na mimi hapa napaka kuta, nikijiambia wakimfukuza si kosa langu, mimi nimenyamaza tu. Nilipokuandikia kwamba sina la kukuambia, la kukuambia lilikuwa kwenye droo, karibu na goti langu.

Sikutaka ushindwe, mwanangu. Nilitaka urudi. Nyumba ina kimya ambacho redio ya baba yako haikijazi. Lakini nilijua huwezi kurudi bila kushindwa, na nikakaa nikingoja.

Bahasha ile nimeitia humu ndani. Uione tarehe.

Meneja amesimama mlangoni na koti lake, ananisindikiza posta, maana nimemweleza yote naye amesema haniamini tena na bahasha. Ana haki. Kasirika, mwanangu, kasirika upendavyo, hata mwaka mzima. Lakini usinyamaze. Niandikie hiyo hasira, hata iwe mistari miwili.

Shangazi yako